Alama Nilizozifuta kwa Tupa

Kosa langu la kwanza katika karakana ile ya Meru lilikuwa kupiga tupa gurudumu la mtu mwingine mpaka likawa laini. Ilinichukua kama nusu saa. Halafu nikalisugua kwa msasa, nikalipaka mafuta na kulipiga picha.

Gurudumu lenyewe ni la mashine tunayoiita safesi. Ina jiwe linalozunguka juu ya meza ya sumaku, na kazi yake ni kukwangua chuma kidogo kidogo mpaka kiwe bapa kabisa: hedi zilizopinda (vile vifuniko vya juu vya injini), visu vya mashine za kukatia nyasi ya ng'ombe, sahani za pampu. Ukizungusha gurudumu la juu, jiwe linashuka. Safesi yetu ilikuwa kuukuu. Namba za vipimo zilizochongwa kando ya gurudumu zilikuwa zimelika zamani, na aliyeiweza ni mzee mmoja tu, mtu wa Muthara, aliyekuwa pale tangu mwenye karakana alipokuwa hai. Sasa ilikuwa ya mjane wake, ambaye sote tulimwita Mama.

Mimi ni wa Kiambere, kule chini Embu. Sikusomea ufundi popote. Nilijifunza kwa video za simu na kwa kuharibu pampu za majirani, kwa hiyo kila asubuhi niliingia kazini nikiogopa kwamba leo ndiyo leo, mtu ataniuliza cheti. Dawa yangu ilikuwa kupima mara tatu kile ambacho wengine walipima mara moja.

Nilimsumbua Mama miezi kadhaa anunue kipimo cha dijitali. Ni ufito unaofungwa kwenye mashine, na kichwa kidogo kinachotembea juu yake kikisoma mwendo, na skrini ya namba nyekundu inayokuambia jiwe limeshuka kiasi gani, hadi sehemu ya mia ya milimita. Kilipofika, nilitengeneza kishikio chake mara tatu. Cha kwanza kilitetemeka. Cha pili hakikutetemeka, lakini tundu moja lilikaa kando kidogo, na ingawa hakuna ambaye angeliona, nilikitupa.

"Injinia," mzee akaniita kutoka kwenye stuli yake, "hiyo televisheni itashika mpira ama ni habari tu?"

Wenzetu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakaza skrubu.

Ukingoni mwa lile gurudumu kulikuwa na mikato midogo, kama meno, kuzunguka pande zote. Kando ya skrini mpya ilionekana vibaya. Watu kadhaa nimewaambia kwamba nilidhani ni makovu ya kugongwa. Si kweli. Nilikuwa nimekiona kidole gumba cha mzee kikipita juu ya mikato ile, midomo yake ikihesabu. Nilijua ni yake na nilijua ina kazi. Nilijiambia kwamba sasa haitamfaa tena, na ndani yangu kulikuwa na sauti nyingine iliyofurahi kwamba kuanzia kesho atalazimika kutumia kitu changu. Niliifuta jioni alipokwisha kwenda nyumbani.

Asubuhi aliweka mkono kwenye gurudumu, akalizungusha polepole mara moja, akasimama.

"Umeosha mashine."

"Nimeisafisha kidogo, mzee."

"Imekuwa kama sahani ya harusi," akasema. Akawasha jiwe.

Tangu siku hiyo akawa ananiita kila baada ya dakika chache. "Injinia, kuja usome. Tuone kama huko Embu walikufunza namba." Nilienda, nikasoma, akacheka, akaendelea. Nilidhani ananidharau. Nilikasirika, kisha nikaanza kusoma kwa sauti ya juu ili kila mtu asikie namba zangu.

Wiki iliyofuata Mama alinituma Embu kuchukua jiwe jipya. Niliporudi mchana, watu walikuwa wamesimama kuizunguka safesi. Juu ya meza ilikuwa hedi ya trekta ya mkulima mmoja wa Kiirua, na ilikuwa imeliwa zaidi ya nusu milimita kupita kiwango. Hedi ikifungwa hivyo, valvu zinagonga pistoni. Haifai tena.

"Mvua imeanza, viazi vya mbegu bado viko kwa gunia," mkulima alikuwa akisema. "Mimi nitalima na nini? Na kucha?"

Mama alinigeukia. "Hiki kipimo chako kimetudanganya?"

Hapo ndipo ningesema. Sentensi moja ingetosha. Badala yake nilienda kwenye kabati nikatoa vipande vyangu vya chuma vya kupimia, ambavyo unene wake unajulikana, nikavipanga, nikashusha jiwe taratibu, nikaonyesha namba, nikarudia. Nilifanya kazi nzuri sana. Sidhani nimewahi kupima kitu kwa unadhifu kama siku ile.

"Kiko sawa, Mama. Hakijakosea hata sehemu moja ya mia."

"Basi ni mtu," mkulima akasema.

Nilikuwa nimeirudisha skrini kwenye sifuri. Mama aliitazama, akamtazama mzee.

"Baba, hebu nisomee hapo."

Mzee aliinama. "Inaangaza sana."

"Nisomee tu."

Alisogeza uso karibu na zile taa nyekundu. "Nne," akasema.

Mzee alijifuta mikono, akachukua koti lake msumarini, akatoka. Ndipo nilipojua kwamba kwa miaka alikuwa akifanya kazi kwa sikio na kidole. Alisikia jiwe likigusa chuma, kisha akahesabu mikato. Macho yake yalikuwa yameondoka polepole na hakumwambia mtu, kama mimi nisivyomwambia mtu kuhusu cheti.

Nilikaa kimya siku kumi. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa za kweli: kipimo kilikuwa sawa, mimi sikuwa pale, mtu asiyeona hafai kuwa kwenye jiwe linalozunguka. Nilizirudia kanisani. Jumapili ya pili nilitoka kabla ya sadaka nikaenda Muthara.

Mkewe alinielekeza nyuma ya nyumba. Mzee alikuwa akinoa panga za majirani, tatu zimelala kwenye nyasi zikingoja.

"Ni nani?" akauliza, nikiwa nimesimama mbele yake kabisa.

Nilimwambia. Nilianza kueleza habari ya mikato, jinsi nilivyodhani ni makovu, nikashindwa kumaliza uongo ule. Nikasema ukweli.

"Sasa ulifikiri sikujua? Nilijua asubuhi ile ile nikishika."

"Mbona hukuniuliza, mzee?"

"Nikuulize nini? Nikuambie sioni? Wewe?" Alijaribu makali ya panga kwa kidole. "Umelipa nauli kuja kuniambia kitu najua. Yule hajui ni Mama. Kunywa chai uende."

Jumatatu nilimwambia Mama ofisini. Hakunifokea. Aliuliza, "Siku ile ulikuwa unapima nini, mbele ya watu wote?" Akasema nitalirudia jambo hilo mbele ya watu wale wale, na alingoja hadi siku mkulima wa Kiirua alipokuja kuchukua hedi nyingine aliyotafutiwa. Nilisema wakati wa chai ya saa nne, nimesimama kando ya safesi, kikombe mkononi kwa sababu sikujua nikiweke wapi.

"Kwa hivyo nimemtukana mzee wa watu bure," mkulima akasema. Hakunitazama.

Mama alienda Muthara mwenyewe, na sukari na majani ya chai, kwa sababu mtu aliyeaibishwa mbele ya watu haitwi kwa simu. Mzee alirudi Alhamisi. Aliomba tupa ya pembe tatu, akakata mikato upya moja baada ya nyingine. Nilipojaribu kumshikia gurudumu alisema, "Toka kwa mwanga." Baadaye alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, na Mama akampa kazi za asubuhi tu. Ananisalimia. Lakini utani wake ameupeleka kwa wengine, na sijawahi kumlaumu.

Bado napima mara tatu, na bado naogopa. Kilichobadilika ni kwamba nikiharibu kitu sasa nasema siku hiyo hiyo, kabla sijaulizwa. Na Mama anajua kwamba sina cheti.