Mwoshaji Aliyeomba Kichupa Kitupu Kipimwe

Saa moja asubuhi, tone la maji limejikunja ndani ya kichupa badala ya kutanda. Mama Chupa analiona kabla hajamaliza kufunga aproni.

"Hiki bado kina mafuta," ananong'ona, akikirudisha kwenye maji ya moto.

Ni mwaka wa kumi na tisa sasa mwanamke huyu mpole, aliyeishia darasa la tano, anaosha vyombo vya maabara inayochunguza saratani ya damu.

"Chembe za ugonjwa ule ni kama watoto waliogoma kukua," anaeleza. "Zinazaana tu. Kwenye ngozi ya kila chembe kuna mafuta yaliyoshikana na sukari. Chembe ikikubali kukomaa, mafuta hayo hubadilika. Ndiyo wanayoyapima hapa."

Akikumbuka mwaka wake wa kwanza, hucheka akijifunika mdomo. Mkuu wa maabara wa wakati huo alikuwa akijaribu dawa ya kuzikomaza chembe hizo. Siku moja, kwenye kioo cha kupimia, ukatokea mstari mpya wa mafuta.

"Zimekomaa!" watu walishangilia, wakakumbatiana.

Yeye peke yake aliitazama mikono yake. Sabuni ilikuwa imempasua mikono, na wiki ile alikuwa akijipaka mafuta mazito, kisha anaosha bila glovu kwa kuwa zilimbana.

Siku mbili aliwaza. Akisema, kibarua kitaota nyasi. Akinyamaza, watu wazima watafuata mafuta yake wakidhani wameona dawa. Siku ya tatu alibisha hodi kwa mkuu wa maabara.

"Shikamoo, mzee. Naomba mpime kichupa kitupu."

"Marahaba. Kitupu kina nini, binti yangu?"

"Kina mikono yangu."

Walipima. Mstari ulikuwepo, uleule. Mzee akaangua kicheko.

"Kumbe tumemkomaza mwoshaji!"

Tangu siku hiyo kichupa kitupu hutangulia kila kipimo, na jina la Mama Chupa likamganda.

"Siku hizi hapa maabara hawacheki kama enzi za mzee," anasema. Mzee alishastaafu. Mama Chupa anataka kumfunza mwoshaji mwingine, na kuuona mstari wa kweli kabla hajaondoka.

Mzee hakuwahi kumuuliza kwa nini alikiri, naye hakuwahi kumwambia mtu. Leo anafunga bomba kwanza.

"Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikufa kwa ugonjwa huo. Alikuwa na miaka saba. Tuliambiwa dawa imeshika, nikamfulia sare ya shule," anasema. "Nisingeweza kumfanyia hivyo dada wa mtoto mwingine."