Nyota, Mwanafunzi Niliyetaka Kumfukuza

Kitendawili. Anaingia darasani kila asubuhi, hapigi hodi, hakai kwenye kiti, na akitoka haachi hata vumbi.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Juba? Huo ninao tayari, leteni mwingine.

Ni mwanafunzi wa kwenye simu.

Na mmoja wao nusura anivunjie darasa.

Mimi ni bibi wa Kiganda, naishi Gudele, mtaa wa hapa Juba. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, lakini la Uganda ya zamani, ambako Kiingereza kiliingia kwa fimbo. Sasa nakifundisha kwa simu, saa moja asubuhi.

Wanafunzi wangu ni watu wazima waliosoma Khartoum kwa Kiarabu. Maofisi ya Juba yanataka Kiingereza, basi wananijia mimi. Wananiita Habuba, yaani bibi.

Walikuwa tisa. Ndiyo kazi yangu pekee, sina duka wala shamba.

Sheria yangu ni moja. Nikiita jina lako, unafungua maiki, unanieleza kwa Kiingereza umeamkaje.

Siku moja akaingia mtu amejiandika Nyota. Kamera kazima. Maiki kazima.

Nikamwita. Kimya.

Kesho yake kimya. Wiki nzima kimya. Kazi ya kuandika analeta, tena safi kuliko ya wote, ila sauti hatoi.

Nikaanza kumchokoza. Nikamuuliza kama ulimi kauacha kwa fundi. Nikamwambia hata mbuzi wangu akiitwa huitika. Wenzake wakacheka, kicheko kibaya.

Mkali zaidi alikuwa Ezbon, mlinzi wa ghala kule Sherikat. Akaandika kwenye grupu kwamba huyu mtu anarekodi makosa yetu akawachekeshe watu sokoni.

Hapo moto ukawaka. Akon, mama mpole kabisa, akagoma kusoma kwa sauti. Wawili wakajitoa bila kuaga.

Ijumaa Ezbon akanipa neno la mwisho mbele ya wote.

"Habuba, chagua. Jumatatu tukimkuta huyo, sisi hutatukuta tena."

Nikampigia binti yangu Mirembe, anayekaa Nyakuron na mumewe. Ndiye msimamizi wa grupu, mimi hayo mambo ya kubonyeza siyawezi. Nikamwambia amtoe Nyota leo hii.

Akasema taratibu, "Mama, mwache tu asikilize."

"Kwani unamjua?"

Akadai mtoto analia, akakata simu.

Hasira ikanipanda mpaka kichwani. Mwanangu wa kumzaa ananificha mambo kwa ajili ya mtu asiye na sura?

Jumatatu sikusalimia mtu.

"Nyota, wiki tatu nakuita. Kwa nini hunijibu? Kama huna la kusema, toka darasani kwangu."

Ezbon akaongeza matusi ya Kiarabu ambayo bibi yenu hatayarudia hapa.

Alama ya maiki ikawaka. Mwanamume akakohoa.

"Mama," akasema. "Mimi ni Mayen, mume wa Mirembe."

Jamani.

Mkono wenyewe ulivuta kitenge nikajifunika uso, niko peke yangu chumbani, mbele ya simu. Huyu tangu siku ya mahari hatujawahi kukaa chumba kimoja. Sauti yake nilikuwa siijui.

Ezbon akazima maiki yake upesi.

Nyinyi mnaofundisha watu msiowaona, shikeni hili: mtu akinyamaza mbele yako, usikimbilie kusema anakudharau. Mimi nilikimbilia, na leo natafuta pa kuficha uso.

Ila nilikuwa nimeuliza swali, na yeye akalijibu. Kwa Kiingereza, polepole, kila neno mahali pake.

"Kwetu Wadinka na kwenu Waganda, mkwe hasemezani na mama mkwe. Lakini Mirembe aliniambia Juba yote hakuna anayefundisha kama wewe. Nikaona niingie, ninyamaze, nisikilize."