Musalaba wa Mkono Mfupi

Mwanangu aliponiuliza nataka nini kwa sikukuu, mabinti zangu walijua nitasema kitenge. Nikasema nataka ile mashine ya kutafuta chuma ardhini, ile yenye mkono mrefu na sahani chini. Wakacheka. Sikucheka nao. Mashine ikaletwa.

Hapa Kolwezi kila mtu anachimba, lakini wanachimba ili wale. Mimi nachimba ili nifurahi, na hilo watu hawalielewi. Nikipita njiani na mashine begani, wanafikiri kizee nacho kimeanza kutafuta kobalti. Nimepata vifungo vya koti, kengele ya baiskeli, vijiko, na hela za wakati wa wazungu zenye tundu katikati. Dhahabu nimeipata mara moja tu, na ilikuwa jino. Nililirudisha palepale nikafukia, maana sikutaka kujuana na mwenye kinywa.

Lakini kitu nilichokipata kwenye barabara ya Lubudi ni kingine.

Baba yetu alikuwa na wake wawili. Mama yangu alikuwa wa pili. Kaka yangu wa mke wa kwanza ndiye alibaki na nyumba ya baba, na kila tukikutana kwake alisema maneno yaleyale, mdomo umejaa bukari, ugali wetu.

"Mama yako habakumuowa. Tata alimukuta tu mu njia. Mali haikutoka."

Tata ni baba, na mali ndiyo vitu vinavyotoka kwa mume kwenda kwa wazazi wa mke. Isipotoka, mwanamke hakuolewa, na watoto wake ni wageni. Ndiyo sababu kwa kaka yangu sikupewa kiti. Nilikalia bidoni, dumu tupu la maji, karibu na mlango, mimi mwenye wajukuu. Mama alikwisha kufa na hakuweza kujibu. Nami nilikuwa sina cha kuonyesha.

Kaka alikuwa nacho. Mfuniko wa ndoo yake ya bunga, unga wa mahindi, ulikandamizwa na musalaba wa mukuba, ile shaba yetu, mzito, mkubwa kuliko kiganja cha mwanaume. Zamani vitu hivyo ndivyo vilikuwa mali. Babu yetu mzaa baba alikuwa myeyushaji wa shaba (babu au bibi, sisi tunasema kambo), na kaka alipenda kujisifu kwa wageni.

"Angalieni. Mukono moja ni mufupi. Misalaba yote ya kambo yetu iko vile, sababu kile chombo chake cha kumwangia kilikuwa na kilema. Ya bantu bengine haiko vile. Na haikutoka mu nyumba hii ovyo. Ilitoka tu juu ya bibi wa kuowa."

Nilisikia hayo miaka mingi bila kuyasikia.

Siku moja, niko palepale kwenye bidoni, mke wake alipaza sauti kutoka jikoni. "Nani ameweka musalaba chini? Panya itaingia mu bunga."

Niliposikia musalaba chini, nikarudisha tonge sahanini. Kwa sababu mama, akiwa anakufa, alisema hivi: "Musalaba yangu iko mu kichuguu. Muende muitoshe."

Tulikuwa wengi kando ya kitanda chake. Katekista alikuwa amekuja kusali, naye alitutafsiria kwa sauti nzuri. "Mama anaona musalaba ya Bwana juu ya mulima. Anaona Kalvari." Sote tukalia. Hata wale waliokuwa hawampendi walisema huyu mama anakufa kama mtakatifu. Kumbe mama hakuwa anaona Kalvari yoyote. Alikuwa anatuonyesha mahali pa kuchimba, maana kwetu kutosha ni kutoa.

Nilinyanyuka bila kumaliza chakula. Kaka akasema, "Unakimbia wapi, muntu ya njia?"

"Njiani," nikamjibu.

Kichuguu cha mama kilikuwa kimoja tu, kile cha shamba la babu mzaa mama, barabara ya Lubudi. Nilifika na mashine, na kichuguu hakipo. Binamu yangu, ambaye ndiye analima pale, alikwisha kukifyatua matofali chote. Alinionyesha nyumba yake, akiniita yaya, dada mkubwa. "Kichuguu njo hii, yaya. Unaona madirisha?"

Nikamwuliza kama hata udongo wa chini kabisa aliuchukua. Akasema hapana, chini kuna changarawe, tofali linapasuka. Pale alipanda viazi vitamu. Nikamwambia basi viazi vitateseka leo.

Udongo wa kwetu unaichanganya mashine, inaguna ovyo kama mtu mwenye homa. Nilienda polepole kati ya matuta. Kreseri mmoja, mchimbaji wa kobalti aliyekuwa anapita na gunia, akasimama kuniangalia.

"Kambo, ukipata filo, utuite."

"Nikipata mshipa wa kobalti nitakuita uje kubeba."

"Na kama ni nyoka?"

"Nyoka nitakuachia."

Mashine ikalia, si kuguna, kulia. Nikapiga magoti. Sikumpa mtu jembe. Changarawe, mzizi, changarawe, halafu rangi ya kijani kama ya jani lililooza. Nikaushika mkono wa kwanza, nikaufuata kwa vidole hadi wa pili, wa tatu, wa nne. Wa nne uliisha mapema.

Nilikaa chini katikati ya viazi nikacheka mpaka kreseri akaweka gunia chini. Akaniuliza kama ni dhahabu. Nikamjibu, "Dhahabu ni kitu gani mbele ya huu?"

Sikuuosha. Nilienda nao kwa kaka, umefungwa ndani ya kitenge, na udongo wake. Nilipita bidoni, nikaenda hadi kwenye ndoo ya bunga, nikauchukua ule wa kwake na kuilaza yote miwili mezani, ubavu kwa ubavu. Ule wake unang'aa kwa kushikwashikwa, wangu wa kijani. Mkono mfupi hapa, mkono mfupi pale.

"Umeitosha wapi?" akauliza.

"Mu shamba ya tata ya mama yangu. Sema weye, iliendaka kule kufanya nini?"

Aliunyanyua wangu, akaupima mkononi, akaurudisha mezani kwa mikono miwili. Mke wake ndiye alianza kucheka, akiziba kinywa na upande wa kitenge. Kaka akageuza kichwa kwake.

"Unacheka nini? Letea dada yangu kiti."

Kikaletwa kile cha baba, chenye mikono. Nikakaa. Nikaomba chai, nikasema sukari isihurumiwe.

Wakati wa kuondoka mke wake aliuliza kama nauacha, maana ndoo za bunga ziko mbili. Niliufunga ndani ya kitenge. Musalaba wa mama haufuniki bunga ya mtu.