Shamba la Mama Bertila Lililolimwa Siku Moja

Mama yangu mdogo, Bertila, alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Nasema hili kwa hasira, kwa sababu siku hizi watu wakimtaja wanashusha sauti. Alikuwa mjane mwenye shamba moja la mahindi kando ya barabara, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka Mazwi mjini ninakokaa, na mdomo usiojua kupumzika. Pombe yake ya ulezi haikuwa na mpinzani pale kijijini. Kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha aliipika akaalika majirani: asubuhi mnakuja na majembe, mnalima huku mnapiga porojo, mchana mnakunywa. Hivyo ndivyo tulivyozoea sisi Wafipa. Kijiji kizima kinajua shamba lako limelimwa lini na nani alitegea.

Mwaka wa tisini na moja hakupika. Goti lilimvimba, hata kusimama jikoni ilikuwa taabu. Masalu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake ng'ambo ya mto, akamwonea huruma. "Mama, mimi na wanangu tutakulimia kwa ng'ombe na plau. Utanipa debe la ulezi na jogoo, basi." Akaja siku aliyopata nafasi, na siku hiyo watu wote walikuwa parokiani kumpokea askofu aliyekuja kutoa kipaimara. Waliondoka asubuhi shamba likiwa majani matupu. Walirudi jioni wakakuta limelimwa mpaka mpakani.

Hakuna aliyealikwa, hakuna aliyekunywa, na shamba limelimwa. Kosa lake lilikuwa hilo tu.

Aliwaambia jioni ileile kwamba ni Masalu. Nyayo za ng'ombe zilikuwa wazi kwenye udongo. Kufikia Jumatano wakawa wanasema Bertila ana misukule, wafu aliowafufua wamlimie bila kula wala kusema, na kwamba amewavalisha kwato ili kupoteza ushahidi. Nani alianza, mpaka leo sijui. Nimeuliza mpaka nimechoka. Kila mmoja alisikia kwa mwenzake.

Mimi habari ilinikuta sokoni, nikiuza dagaa. Mteja mmoja, asiyejua kwamba namfahamu anayemsema, aliniinamia. "Dada Josefina, umesikia ya huko barabarani? Bibi mmoja ana misukule minane!" Nilicheka, nakiri. Kisha akaongeza, "Na mmoja ni marehemu mumewe mwenyewe, Evaristi." Nikampimia dagaa pungufu.

Siku ya pili nilimfuata mama mdogo nikamweleza.

"Josefina mwanangu," alisema, "ningekuwa na Evaristi humu ndani, ningemtuma shamba? Si ningemkalisha hapo aote moto."

Sasa niseme kuhusu Kornel, mwenyekiti wa kijiji. Miaka ile watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua mahindi, na malori ya Mbeya yalianza kufika mpaka kwetu. Kornel alitaka kujenga ghala kando ya barabara. Mara mbili alimwomba mama mdogo shamba lake, mara mbili alikataliwa. Sisemi kwamba uvumi ni wake. Hakusema neno lolote baya juu ya Bertila, si hadharani wala pembeni. Ila kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani yake Eustaki, mama mdogo alipopita akimimina pombe, Kornel alifunika kikombe chake kwa kiganja. Akatabasamu kwa adabu. Aliyekaa kando yake akafunika, na wa pembeni yake akafunika, mpaka mwisho wa benchi. Mama mdogo akabaki amesimama na mtungi uliojaa.

Masalu, Mungu ambariki, alikuja mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji. "Jamani, nililima mimi! Ng'ombe hawa hapa!" Watu wakamtazama kwa huruma. Mama mmoja akanong'ona kwamba naye ameshachezewa akili.

Mimi na mama mdogo tukaenda ofisi ya wilaya mjini. Ofisa aliyetupokea alikuwa mpole, alimwamkia mama mdogo shikamoo na kumpa kiti.

"Mama, serikali haiamini uchawi," alisema. "Kwa hiyo kisheria hakuna jambo hapa. Lakini kwa usalama wako, ungekaa mjini kidogo."

Ungebishana na nani hapo? Wiki iliyofuata watu walimpigia mawe kwenye bati la nyumba, na kabla ya Krismasi nilimleta kwangu Mazwi na mabunda yake mawili. Shamba lilikabidhiwa kijiji kwa muda. Ghala la Kornel likasimama hapo kabla ya mavuno, na wanaopeleka mahindi yao huko ni walewale waliolimia pombe yake.

Kwangu alijitahidi asionekane. Alifagia, alichambua mchele, hakutoka hata uani. Mwanangu Jenifa alikuwa na miezi saba, na wao wawili walipendana sana. Rhoda, jirani yangu, aliniuliza kisimani, "Huyo mgeni wako ndiye yule wa barabarani?" Nikasema hapana, ni shangazi wa mume wangu anatoka Namanyere. Niliona aibu, lakini nilisema.

Mwezi wa pili Jenifa alishikwa na homa. Nilimpa dawa ya klorokwini, nikamwachia mama mdogo, nikaenda kufunga meza yangu sokoni. Niliporudi mchana nilimkuta mama mdogo ametoka mpaka uani, Jenifa amelala mgongoni mwake, yeye anatembea polepole akimwimbia kwa Kifipa. Wimbo huo alikuwa akiniimbia mimi nilipokuwa mdogo.

Nilijua nani alilima lile shamba. Nilimjua mtu huyu kuliko ninavyojijua mwenyewe. Hata hivyo nikaenda nyuma yake, nikashika kanga na kuanza kuifungua.

Aliinama kidogo ili nimchukue mtoto kwa urahisi.