Fremu ya Ngarenaro

Alhamisi, tarehe 17 Julai 2025. Mawingu yameufunika Mlima Meru tangu alfajiri, manyunyu, baridi ya kuvaa sweta ndani ya nyumba.

Sharda alikuwa jikoni kwake Kimandolu, anasubiri chai ichemke, simu ilipoita. Alikuwa ni Mzee Loserian, mwenye chumba kule Ngarenaro.

"Mama, fremu yako iko tayari. Nimetoa uchafu wote, hata vile vya ukutani. Sasa hivi nachoma hapa nyuma."

"Unachoma nini, mzee?"

"Takataka, mama. Usiwe na wasiwasi." Akakata.

Sharda alisimama na simu mkononi, chai ikamwagikia jiko.

Jana yake alikuwa amepita mbele ya chumba hicho kilichofungwa, akachungulia dirishani, akaiona picha ukutani. Alikuwa akiitafuta kwa miaka. Tangu mumewe afariki, Sharda alikuwa akikusanya picha za kuchapwa za zamani, zile ambazo mchoraji huchora kwa sindano juu ya bamba la shaba, asidi ikala mistari, kisha bamba likapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Alizitaka za wageni waliohamia tu: Mgiriki mmoja wa mashamba ya kahawa, Mgoa mmoja karani, na mwanamke wa Kipolandi aliyeletwa Tengeru pamoja na wakimbizi wenzake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Za huyo mwanamke alikuwa nazo mbili. Hii ya ukutani, ya tatu, ilionyesha mtaa wa zamani, na pembeni kibaraza ambapo babu yake Sharda, aliyehamia kutoka India, alishona nguo. Kibaraza kilibomolewa kabla Sharda hajazaliwa, na familia haikuwa na picha yake nyingine yoyote.

Mlangoni palikuwa na namba ya simu kwa chaki. Maneno ya juu yake yalikuwa yamefutwa na mvua. Akapiga palepale.

"Mzee, shikamoo. Ile fremu yako ya Ngarenaro nimeipenda. Nitaichukua."

"Marahaba. Lakini hujaiona kwa ndani, mama."

"Nimeiona dirishani, inatosha."

"Basi ni yako. Nitakuandalia."

Sasa ndipo alipoelewa. Yeye alisema fremu ya picha. Mzee alisikia fremu ya duka, chumba cha kupanga.

Alipiga tena. Simu iliita mpaka ikakatika. Akatoka na kandambili za nyumbani, akarukia bodaboda.

"Kimbiza, baba, Ngarenaro!"

"Mama, unawahi ndege?"

"Nawahi moto."

"Haya, leo mimi ndiyo zimamoto," dereva akacheka, lakini akakimbiza kweli, tope likimrukia Sharda mpaka magotini.

Moshi aliuona kabla hawajafika. Nyuma ya chumba, Mzee Loserian, koti limefungwa mpaka shingoni, alikuwa akisukuma maboksi motoni kwa reki. Kuni zilikuwa zimeloa, moto ukawa wa moshi zaidi kuliko ndimi.

"Mzee! Picha ya ukutani iko wapi?"

"Fremu yake nimeihifadhi, mbao nzuri ile. Karatasi ilikuwa na madoa. Iko boksi lile."

Boksi lile lilikuwa limeanza kushika moto upande mmoja. Sharda hakungoja reki. Aliingiza mkono, akavuta, akaikandamiza karatasi kifuani mpaka cheche zikazimika kwenye sweta.

"We mama! Utaungua!"

Aliifungua taratibu. Kona ya chini ilikuwa imeliwa, na sahihi ya penseli imekwenda nayo. Mtaa ulikuwepo. Kibaraza kilikuwepo, na mtu ameinama juu ya cherehani.

Mzee alimtazama, akaitazama karatasi, akaegemea reki.

"Kwa hiyo ulikuwa unataka hiyo."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Chukua, ni takataka." Akaelekeza kidevu kwenye chumba kitupu. "Na fremu?"

Sharda aliifunika karatasi kwa sweta kuikinga na manyunyu.

"Jana jioni Brayson wa saluni alikuja kuiulizia. Nikamwambia imeshachukuliwa na mama mmoja, amenipa neno lake. Ameshapata kwingine." Hakupaza sauti. Angepaza, ingekuwa rahisi zaidi. "Mama, ninyi watu wa maduka. Ukisema nitaichukua, mimi nielewe nini?"

Mkono ulianza kumuuma. Aliwaza kusema ni bahati mbaya ya maneno tu, na ilikuwa kweli. Lakini chumba kilikuwa tupu kwa sababu yake, kimefagiliwa kwa sababu yake.

"Uelewe kwamba naichukua," akasema.

"Ufanyie nini?"

"Sijui, mzee."

Loserian akaguna, kisha akacheka hadi akakohoa moshi.

Kesho yake asubuhi, mkono umefungwa bendeji, Sharda alikwenda Ngarenaro na ndoo ya chokaa. Mama wa vitumbua wa jirani akamuuliza anafungua biashara gani. "Subiri kwanza ukuta ukauke," akajibu, akaanza kupaka kwa mkono wa kushoto.