Taa Wakati wa Jua

Kile kikopo cheusi cha filamu bado chanukia karafuu. Nimekifungua leo, na papo hapo nimerudi kwa nyanya, Msambweni, jua likiwa utosini.

Nyanya alikuwa ameketi chini ya upenu, ua uko nyuma yake, leso ameitanda hadi usoni. Kuivua mbele ya mpiga picha hakukubali kamwe. Ndiyo maana picha zake zote za awali zilitoka na uso mweusi tii, muhogo ulioanikwa uani ukionekana vizuri kuliko yeye.

"Basi jitande vivyo hivyo, nyanya," kijana mwenye kamera alimwambia, akachomeka taa ndogo juu ya kamera.

"Jua lote hili, mwanangu, nawe wawasha taa?"

Taa ikawaka kabla nyanya hajamaliza kucheka. Kijana akaniachia kikopo, nyanya akakitia karafuu zake.

Picha ilipoletwa niliishika kwa ncha za vidole. Muhogo ulikuwa palepale, mweupe juani, lakini sasa chini ya leso palikuwa na uso, mikunjo yote, na ndani ya kila jicho nukta ndogo ya mwanga. Sikujua kuwa kivuli chaweza kufunguliwa kwa taa, jua likaachwa mahali pake.

Nyanya aliitazama muda mrefu. Mamake, aliyefanana naye sura, alikuwa amefariki bila kupigwa picha hata moja. Akaivuta leso, akajistiri vizuri, kisha akaiambia ile picha kwa sauti ya mtoto:

"Shikamoo, mama."