Bastola ya Meja

Jumamosi ile kabla hatujaondoka, mie na Koplo Shabani tulishinda juu ya paa la nyumba yake Kiwalani tukipigilia mabati. Zama za ruksa zilikuwa zimeanza, bati unalipata dukani bila kibali cha mtu, na Shabani alikuwa na haraka ya kumwachia mkewe nyumba isiyovuja. Mwanaidi alikuwa chini anatupandishia misumari kwa ndoo, anamtania mumewe kwamba anapiga nyundo kama anapiga mwizi. Shabani alikuwa dereva wa Meja wetu. Mie nilikuwa fundi silaha wa kikosi. Wiki iliyofuata tukapelekwa vitani Msumbiji.

Watu huona bastola kiunoni mwa wakubwa wakadhani ni silaha ya vita. Wapi. Nimezisafisha za kila zama: zile nzito za mkoloni, risasi sita zinazunguka, za Kirusi, za Kichina, na siku hizi naona maofisa wana nyepesi, nusu yake plastiki. Kazi yake kubwa ni kuonyesha nani mkubwa. Askari anabeba bunduki ya SMG, mkubwa anabeba bastola. Ukishamtazama mtu kiunoni, huna haja ya kuhesabu nyota begani.

Waasi wa kule walilijua hilo. Walijificha majanini, wakaacha askari wapite, wakatafuta kiuno chenye bastola. Tulipompoteza kapteni wa pili, ikaja amri: maofisa wote wabebe SMG. Meja akanikabidhi bastola yake pamoja na mkanda, nikavifungia kwenye sanduku.

Shabani alikuwa anaendesha huku SMG yake imebanwa kati ya goti na mlango, mpaka goti likachubuka. Asubuhi moja wanajiandaa kwa safari, nikamwonea huruma. Nikafungua sanduku.

"Vaa hii leo," nikamwambia. "Upumzishe goti."

"Sajenti, hii ya Meja. Sitaki matata mie."

"Vaa bwana. Mwenyewe hana kazi nayo."

Akasita. Nikamfunga mkanda kwa mikono yangu. Meja alipokuja akaiona, akacheka. "Leo Meja ni wewe," akasema, akapanda na SMG yake.

Nilijua kwa nini amri ile ilitolewa. Hilo ndilo linaloniuma. Nilijua, na bado nikamvalisha.

Nilikuwa gari la nyuma. Kwenye kijito, gari la Meja likanasa.

Meja akashuka. Shabani naye akashuka kutazama tairi.

Mlio ulikuwa mmoja.

Meja alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Hakuguswa.

Risasi ilimpata Shabani shingoni. Nilipomfikia alikuwa ameshakata roho. Nikamfungua mkanda, sijui kwa nini niliwahi hilo kwanza.

Wakubwa wa kikosi walipouliza nani alimpa bastola ya ofisa, nikasema aliiomba mwenyewe. Marehemu hawezi kukanusha. Meja alinyamaza. Tuliporudi, nikamwambia Mwanaidi maneno hayohayo, mbele ya watu waliokuja kumpa pole. Akaitikia kwa kichwa, nami nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Nilistaafu, nikahamia Pugu, nikawa naikwepa Kiwalani kabisa. Usingizi ukanipaa. Mwisho mke wangu akachoka, akasema nenda kaseme. Nikaenda mchana mmoja, nikamkuta Mwanaidi uani anachambua mchele.

"Shemeji," nikasema, "Shabani hakuiomba ile bastola. Aliikataa. Nilimlazimisha mie."

Vidole vyake vikasimama kwenye ungo.

"Miaka yote hii nimemlaumu yeye," akasema. "Nilisema alitaka ukubwa, na ukubwa ukamponza. Wanangu nimewalea na neno hilo. Mmoja akijidai kidogo tu, namwambia usiwe kama baba yako."

Nilikuwa nimekuja nikijua nimemuua rafiki yangu. Sikujua kwamba nilikuwa nimemharibia jina ndani ya nyumba yake, kwa watoto wake mwenyewe.

"Nisamehe," nikasema.

"Mie baadaye." Akaweka ungo chini. "Kaa hapo. Wanangu wanarudi saa kumi. Utawaambia kwa mdomo wako."

Nikakaa. Wa kwanza kuingia alikuwa binti yake mkubwa. Aliponiona akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, baba."

Badala ya marahaba nikamwambia, "Baba yako hakuiomba ile bastola."